Siku Impi Alipomwita Usva

Impi Karppinen alitunza wanyama katika bustani yetu ya wanyama, huku kaskazini kwenye baridi, kwa miaka ishirini na nane, na katika hiyo miaka yote sikumsikia akipandisha sauti, si kwa mtu, si kwa dubu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na nywele zake alizikata mwenyewe kwa mkasi wa kunyolea kondoo. Hakuolewa, na hakuona haja ya kumweleza mtu sababu.

Wanaume wa kijijini walimtania dukani. "Impi, unanuka mbwa mwitu, ndiyo maana tunakukimbia."

"Wanaokimbia ni sungura," alijibu, akachukua mkate wake mweusi na kahawa yake, akaondoka.

Mimi nilifanya kazi jikoni kwa wanyama. Nilikata samaki, karoti na mapafu ya ng'ombe, nikapakia kwenye ndoo. Upande wa chini wa bustani kulikuwa na wanyama wa kufugwa: wale ng'ombe wetu wa zamani wasio na pembe wenye mgongo mweupe, mbuzi, kondoo, na farasi mmoja mzee aliyependwa na watoto. Upande wa juu, penye misonobari, walikaa dubu, fisimaji, mbweha na mbwa mwitu. Impi alikuwa wa upande wa juu.

Mwaka themanini na tatu waliletwa watoto wawili wa mbwa mwitu, ndugu wa tumbo moja, wenye umri wa siku kumi na moja. Mama yao alikuwa amewakataa. Impi aliwachukua kwake nyumbani. Aliwaweka kwenye boksi la mbao karibu na jiko, akawanyonyesha kwa chupa kila baada ya saa tatu maziwa ya mbuzi wetu. Dume alimwita Routa, jike akamwita Usva, maana yake ukungu, kwa kuwa alikuwa na manyoya ya kijivu yasiyoeleweka yanaanzia wapi. Kwa wiki sita Impi alikuja kazini na macho mekundu, sweta limejaa mabaka ya maziwa. Sijapata kumwona mwenye furaha kama wakati ule.

Walipokua wakahamishiwa uzioni. Routa aliwazoea watu kiasi tu. Usva alikuwa wa Impi. Ukimwona Impi amesimama kwenye kona ya uzio akisema kwa sauti ya chini, "Usva, njoo mama, njoo," basi hata kama yule mnyama alikuwa amelala mwisho kabisa wa msitu wake, angetokea mbio, masikio nyuma, mkia chini ukitikisika, amlambe kidevu kupitia waya.

Sasa nieleze ya Januari ya mwaka themanini na saba.

Ijumaa ile upepo ulikuwa umevuma siku mbili. Theluji ilirundikana kwenye uzio wa mbwa mwitu upande wa kaskazini, na kazi yetu, mimi na Impi, ilikuwa kuiondoa kwa sepetu. Uzio ni mita tatu, lakini theluji ikipanda mita mbili, uzio unabaki mita moja. Hilo kila mtu pale alilijua. Tulichimba tangu asubuhi. Giza lilipoingia saa nane mchana, kama ilivyo kwetu majira ya baridi, ilibaki kona moja.

"Tumalize," Impi alisema.

"Miguu siisikii tena," nikamwambia. "Twende tukanywe kahawa. Hii kona tutaimalizia Jumatatu, haiendi popote."

Aliitazama ile kona, akanitazama mimi. Nadhani alinionea huruma. Tukaenda kunywa kahawa.

Jumamosi ilianguka theluji nyingine. Jumapili asubuhi Routa alikuwa peke yake.

Nyayo zilionekana wazi kabisa, zimepanda lile lundo, zikashuka upande wa pili kuelekea kijijini. Impi alizifuata kwa miguu hadi zilipopotea barabarani. Aliporudi alikuta mtu mlangoni pa ofisi. Alikuwa Vilho Heikura, mwindaji mzee mwenye shamba karibu nasi, amekuja akivuta kijisleji, kigari cha kuteleza juu ya theluji, cha kubebea kuni. Juu yake kulikuwa na blanketi, na chini ya blanketi mbwa wake, Halli, amekufa, koo limeraruliwa.

Vilho hakugomba. Alifunua blanketi ili Impi aone, kisha akalifunika tena, akalichomekea pembeni kama anayemfunika mtu asipigwe na baridi.

"Nilimfungulia mlango akakojoe," alisema. "Miaka tisa tumelala chumba kimoja tangu mke wangu afariki. Wewe unayewaelewa hawa, niambie Halli alikosa nini."

"Hakukosa kitu, Mzee Vilho," Impi alisema.

"Basi."

Akageuza sleji yake, akaondoka. Impi alibaki amesimama na kofia mkononi.

Jumatatu asubuhi Usva alionekana karibu na kibanda ambapo watoto husubiri basi la shule. Mbwa mwitu wa porini humkimbia mtu. Huyu alilelewa kwa chupa, kwake mtu ni mtu wa kumkaribia, na mtoto mdogo akikimbia, nani ajuaye. Shule ikafungwa. Akaja polisi, afande Leskelä, mtu mpole, mwenye shabaha ambayo kila mwindaji wa wilaya aliiheshimu.

Walikaa ofisini yeye, Impi na meneja wetu, Ensio. Mimi niliwamiminia kahawa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Tumpige sindano ya usingizi," Impi alisema.

"Nimempigia daktari wa mifugo," Ensio akajibu. "Leo ni baridi ya nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Dawa inaganda ndani ya sindano. Na hata ikimwingia, atakimbia nusu saa kabla hajalala. Tutamkuta ameshakufa kwa baridi."

"Tumtegee basi."

"Siku ngapi, Impi? Na watoto?"

Afande akazungusha kikombe chake.

"Nina watu kumi na pikipiki za theluji," alisema. "Wanataka kumfukuza leo leo. Wengi wao wana mbwa, unaelewa wana hasira gani. Lakini nimesikia kwamba wewe ukimwita, anakuja."

"Anakuja."

"Dada, sikulazimishi."

Impi aliiacha kahawa yake ikapoa. Kisha akasema, polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mezani: "Wakimfukuza watampiga mguu au tumbo. Atajikokota porini siku tatu. Nitamwita. Lakini uwe peke yako. Risasi moja. Na asikuone."

"Risasi moja," afande akasema.

Tulikwenda kwenye konde la Vilho, kwa kuwa huko ndiko alikoonekana mwisho. Afande alilala kifudifudi na bunduki yake juu ya ghala la nyasi. Mimi na Vilho tulisimama nyuma ya ukuta. Hakuna aliyemwalika, lakini lilikuwa konde lake. Impi alitembea hadi katikati, akavua kofia ili nywele zake zionekane, akavua na glavu.

Akaita. Hakuita kwa sauti kubwa. "Usva, njoo mama, njoo."

Aliita mara tatu. Usva akatoka kwenye miti, akasimama, akanusa, kisha akaja mbio, masikio nyuma, kama siku zote. Alimzunguka Impi mara mbili akilialia kwa furaha. Siku mbili alikuwa amepotea, na sasa amempata mtu wake. Akajitupa chali kwenye theluji ili akunwe tumbo, na Impi akapiga magoti, akamkuna.

Walikuwa wamekubaliana kwamba Impi atatupa kipande cha jibini ya kuoka upande wa kulia, kisha asogee hatua tano kushoto. Hakutupa. Afande alituambia baadaye kwamba alisubiri dakika nne, na kwamba angesubiri hata saa nzima. Impi aliinama akasema kitu kwenye sikio la Usva. Sijui alisema nini, na sijawahi kumuuliza. Kisha akasimama, akatupa jibini, akaondoka hatua tano bila kugeuka.

Ilikuwa risasi moja kweli.

Impi alirudi, akakaa kwenye theluji, akakiweka kichwa cha Usva mapajani. Vilho, ambaye alikuwa na kila sababu ya kufurahi, alivua kofia. Tulimwacha akae. Tulimwacha zaidi ya ilivyofaa, maana hakuna aliyethubutu kumwambia inuka, na mikono yake ilikuwa wazi. Mwishowe ni Vilho aliyemwendea, akavua glavu zake mwenyewe, akamvisha kidole kwa kidole. Hata hivyo hospitalini walimkata Impi ncha ya kidole kimoja kilichoganda.

Wiki hiyo hiyo Ensio alituita. "Nani alikuwa na zamu ya theluji Ijumaa?"

"Mimi," Impi alisema. "Nilikatisha kazi kabla ya kumaliza."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pili kutoka kwake. Sikufungua mdomo.

Lililommaliza, nadhani, ni Routa. Alipokwenda uzioni mara ya kwanza baada ya hapo, Routa alimnusa kupitia waya, akarudi nyuma, akaingia msituni. Impi alifua nguo zake zote, akanunua buti mpya, akaoga kwa sabuni isiyo na harufu. Routa hakuja. Kwa wiki tatu alisimama mbali upande wa pili na kulia ile sauti yao ndefu, na kila alipolia Impi aliacha alichokuwa akifanya. Baadaye akaomba ahamishiwe kwa ng'ombe.

Aliwatunza vizuri, hakuna ng'ombe aliyewahi kukosa nyasi kavu za kulalia. Ila hakuwaita kwa majina. Aliwaita kwa namba zilizo masikioni. Walipoletwa watoto wengine wa mbwa mwitu, Ensio alimwendea, na yeye akasema tu, "Mtafutieni mtu mwingine," akaendelea kusukuma toroli la mavi.

Mwaka aliostaafu tulikuwa sauna kwangu, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, sisi wanawake wawili, na nikaona nikikaa kimya tena nitazeeka nalo. "Impi, ni mimi niliyesema twende tukanywe kahawa."

"Najua, Taimi. Nilikuwepo." Akachota maji kwenye ndoo, akamwagia mawe ya moto, akangoja mvuke utulie. "Nilikuchukia miaka miwili. Halafu nikachoka. Wewe ulitaka kahawa tu. Mimi ndiye niliyemwita."

Nililia, yeye hakulia. Aliniambia nimpishe, anataka kukaa karibu na ndoo.

Vilho hakufuga mbwa mwingine. Kila Jumapili, kwa karibu miaka ishirini, alimpelekea Impi samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mara kadhaa niliwakuta. Walikaa mezani, redio imewashwa, kila mmoja akitazama dirisha lake. Nilimuuliza Impi siku moja huwa wanazungumza nini. "Hali ya hewa," alisema.

Vilho amefariki mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka. Kanisani Impi alikaa mstari wa mbele, na koti lake lile la kazini, bila kumwomba mtu ruhusa. Wapwa zake Vilho waliotoka kusini walinong'onezana. Mmoja akanigeukia akaniuliza huyu mama ni nani kwa mjomba.

Nilitafuta la kumwambia. "Jirani," nikasema.