Foki ya Kumeza Mawe

Jumamosi, kwenye duka la baiskeli hapo Westlands, jamaa mmoja mwenye helmeti kichwani na kaptura ya kubana alikuwa akibonyezabonyeza foki mpya, ile ya mbele inayomeza mishtuko, kama daktari anayepima tumbo la mgonjwa.

"Niweke hii ama nibaki na ya zamani?" akamuuliza muuzaji. "Yangu inaniumiza mikono nikipita kwa mawe."

Mkewe akainua macho kutoka kwa simu. "Mawe gani, baba watoto? Si hiyo baiskeli ndiyo tunaanikia taulo kwa balkoni?"

Jamaa akavua helmeti polepole, akachungulia ndani yake kana kwamba jibu limo humo. "Nikipata hii," akasema kwa sauti ya chini, "nitaanza."

Muuzaji akajifanya anapangusa kaunta. Mimi, niliyekuwa kando yao, sikucheka. Nilirudisha rafuni foki niliyokuwa nimeshika, pacha wa ile yake, nikasema naangalia tu, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Nilipofika kwangu Kileleshwa, kabla hata ya kuvua viatu, nilikwenda balkoni nikaanua soksi kwenye usukani wa baiskeli yangu.