Waya Uliomnyamazisha Mama

Nakumbuka siku moja wakati wa Mjerumani, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika huku kwetu Ugogo, niliokota waya mwembamba uliotupwa na mafundi nikarudi nyumbani kifua mbele. Mwanangu, usicheke. Nilikuwa na zeze langu, na kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa Kibakwe.

Mjomba ndiye aliyenifundisha kupiga. Alipovuta upinde, bega lilitulia kabisa. Kilichotembea ni kifundo cha mkono tu, na vidole viligusa nyuzi bila kuzikandamiza. Fundi kama yule sijamwona mpaka leo. Nyuzi zake zilikuwa kano za ng'ombe. Mimi nikaona huo ni ushamba, nikang'oa zangu na kufunga waya.

Asubuhi, watu wa bwana harusi wamekwisha kusimama tayari kumchukua dada, mama akaanza wimbo wa kumuaga binti yake. Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini. Nami nikavuta upinde kwa nguvu zote za bega. Waya ukapiga kelele! Mama akajaribu kuufuata huko juu, akakohoa, akanyamaza. Dada alisimama mlangoni akitazama chini. Nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Mjomba hakunifokea. Aliwaomba wageni wangoje kidogo, akafungua waya, akatoa kano mkobani, akazilowesha kwa mate na kuzifunga.

"Mpwa wangu," akasema, "mama yako anaimba huku chini, wewe umekimbilia kule juu. Umemwacha peke yake. Msikilize kwanza, ndipo ukaze."

Mama akaanza kuguna polepole, nami nikakaza kidogo kidogo hadi uzi ukakutana na sauti yake. Safari hii nilivuta kwa kifundo. Akaimba wimbo wote, na dada akaondoka huku analia na kucheka.

Kabla mvua hazijanyesha, mama akafariki. Dada hakumwona tena. Lakini hadi uzeeni, kila nilipomtembelea, aliniimbia maneno yote ya wimbo ule, hakusahau hata moja.

Basi mwanangu, hilo gitaa lako ni zuri, na nyuzi za dukani zinang'aa kweli. Kabla hujazichagua, mwache atakayeimba aimbe, wewe usikilize. Legeza bega. Usikandamize. Mungu akupe mkono mwepesi na sikio sikivu, na akujalie kupiga siku moja mama yako akiimba, naye asikike.