Mpishi wa Tambi na Mama Aliyesema Ameshiba

Jua limeshachomoza na mifupa ya kuku inatokota ndani ya sufuria kubwa. Mbele yake amesimama mwanamke mwenye kilemba cheupe, anaengua povu kwa upawa. Mvuke unampiga usoni, anafumba jicho moja, anaengua tena.

"Mama Mchuzi, tambi!" anaita mwenye mgahawa, mzee aliyetoka Japani akiwa na visu vyake na kuzeekea hapa.

Jiko zima linaitikia kwa sauti moja: "Hai!" Mama Mchuzi peke yake haitikii. Anainua upawa juu, anaushusha.

"Hai" kwa Kijapani ni naam. Agizo likiingia, hai, ukitumwa, hai, ukikemewa, hai. Mama Mchuzi ameitikia kwa neno hilo miaka mingi, lakini siku hizi linamkwama kooni kama mwiba.

"Nikitaka kulisema, namwona mama," anasema. "Basi nainua upawa. Mzee anadhani nina mafua."

Leo ni Jumamosi, na mama yake anakuja. Si kula. Amesema wazi kwamba anakuja kusikiliza.

Mgahawa wenyewe ni mdogo, meza chache na kaunta ndefu inayotazamana na jiko. Upande mmoja wanakata samaki mbichi na kumlaza juu ya tonge la wali, ndiyo sushi. Upande wa Mama Mchuzi ni rameni: tambi ndani ya mchuzi wa mifupa, na yai lililopasuliwa juu. Aliingia hapa kuosha vyombo. Mpishi wa tambi alipoacha kazi, mzee alimpa kijiko akamwambia neno moja tu, "Onja." Ameonja mpaka leo. Mshahara unalipa kodi ya vyumba viwili na dawa za presha za mama, kinachobaki, anasema, "ni cha sabuni na cha kusikitikia."

Mama huyo alimlea kwa sufuria. Alikuwa akiwapikia mafundi kwenye majengo, mtoto mgongoni, moshi machoni. "Wenzangu walibembelezwa kwa nyimbo," anasema Mama Mchuzi. "Mimi nililala kwa mlio wa maharage."

Mzee wa mgahawa ana kawaida yake. Mfanyakazi akidumu, humwambia amlete mzazi wake ale bure, kwenye kiti cha kaunta. Zamu ya Mama Mchuzi ilipofika, nyumbani hapakulalika. Gauni lilipigwa pasi, likarudiwa. Akamfundisha mama kushika vijiti kwa njiti mbili za ufagio mpya, wakiokota maharage kutoka sahani hadi sahani. Mama akaiva, akaanza na majigambo: "Kumbe Wajapani ni watu wa kawaida tu. Wanakula kwa ufagio."

Akamfundisha vijiti. Neno hakumfundisha.

Ikawa Jumanne, mchana. Mama akaketi kaunta, mkoba mapajani, mgongo umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha. Mhudumu, ambaye kwa sauti yake wote wanamwita Kasuku, akamwekea sahani ya samaki, vipande vyekundu vinang'aa na kutikisika.

"Mwanangu," mama akamuuliza Kasuku kwa upole, "huyu samaki amekufa lakini?"

Kabla Kasuku hajafungua kinywa, mzee akatoa agizo kule nyuma, na jiko zima, Mama Mchuzi akiwemo, likajibu: "Hai!"

Mama akasimama. "Hai?"

Agizo la pili. "Hai!"

"Mmesikia wenyewe! Yu hai! Basi mchinjeni kwanza, jamani!"

Mgahawa ukaanguka kwa kicheko. Wanaume wanne wenye tai walikuwa kwenye meza ya dirishani. Mmoja alifuta machozi kwa tai yake. Akamgeukia mpishi: "Dada, huyu bibi mmemtoa wapi?"

Hapo ndipo pabaya. Mama Mchuzi angeweza kusema. Neno lilikuwa fupi, lina silabi tano tu: ni mama yangu. Badala yake alicheka. Alicheka pamoja nao, akajibu: "Hata mimi nashangaa."

Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Alimtazama binti yake, akalainisha gauni, akasukuma sahani ambayo hakuwa ameigusa.

"Asanteni," akasema. "Nimeshiba."

Na tangu siku hiyo ameshiba. Binti akirudi na kupika, mama ameshiba. Akimletea chai, ameshiba. Bibi amejinunulia sufuria ndogo na jiko dogo, anapika mlangoni, mahali ambapo kila anayepita anaona. Nyumba moja, meko mawili. Hagombi wala hanuni. Huitikia salamu na huuliza habari za kazi. Ila cha mkono wa binti yake hali.

"Majirani hawaniulizi kitu," anasema Mama Mchuzi, akiangalia sufuria. "Wanaangalia lile jiko, halafu wananiangalia mimi. Afadhali wangenitukana. Watu wanapanga foleni kula chakula changu, na aliyenifundisha kuwasha moto hakigusi."

Ameomba msamaha akiwa amepiga magoti, ndani, mlango umefungwa. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulinikana wapi?" akamuuliza.

"Kazini, mama."

"Mbele ya nani?"

"Ya watu."

"Sasa hapa chumbani unaona watu?"

Ndiyo sababu ya leo. Mchana mgahawa umejaa, na mama anaingia na gauni lilelile. Kasuku anamkimbilia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Samaki wenu leo wamekufa?"

"Wamekufa, bibi. Tena vizuri."

Mama anakaa. Jikoni, Mama Mchuzi anajaza bakuli, analiweka, analichukua tena. Mchuzi unamwunguza kidole gumba. Anatoka nalo mwenyewe, analiweka mbele ya mama yake, anavua kilemba.

"Jamani, samahanini," anasema, na sauti inatoka nyembamba, kama si yake. "Huyu ni mama yangu mzazi. Jumanne ile mlimcheka, na mimi nikacheka nanyi. Nikaulizwa nimemtoa wapi, nikasema hata mimi nashangaa. Sikumtoa popote. Yeye ndiye aliyenitoa, tumboni mwake. Niliona aibu kuwa wake. Sasa naona aibu kuwa mimi."

Kijana mmoja tambi zimemning'inia mdomoni, hajui azivute au azikate. Anazimeza.

"Pole, dada," anasema. "Lakini Jumanne sisi hatukuwepo."

"Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza hapa," anasema mwingine.

"Tungekuwepo tusingecheka, bibi," anadakia msichana wa pembeni.

"Ungecheka, mwanangu," anasema mama. "Hata mimi ningecheka, angekuwa mama wa mwingine."

Mzee wa mgahawa amemwuliza Kasuku kuna nini, naye amemnong'oneza yote. Anatoka nyuma ya kaunta, anasimama mbele ya bibi, anainama hadi kiuno kinakunjika. Anakaa hivyo.

Bibi naye anainama, anachungulia chini ya kiti. "Umeangusha nini, baba? Nikusaidie?"

Kicheko kinaanza kupanda mezani. Macho yote yanamgeukia mpishi, kama siku ile. Uso wake unawaka moto, lakini hacheki. Anachuchumaa pale sakafuni, kando ya mama yake.

"Hajaangusha kitu, mama. Kwao mtu akiomba radhi huinama. Anakuomba radhi. Na wale wa jikoni wakisema hai, maana yake ni naam. Nilipaswa kukuambia kabla hujaja."

"Naam tu?"

"Naam tu."

Mama anafikiri. "Basi mwambie nimepokea. Ainuke, mgongo wake wa kizee."

Kisha anavuta bakuli. Anashika vijiti sawasawa, anachukua nusu ya yai, anatafuna taratibu huku binti yake akiwa hapumui. Anachukua na nusu ya pili. Anaweka vijiti chini.

"Yai nimelikubali," anasema. "Mchuzi huu utanipa Jumanne, wakija wenyewe. Wale wa tai."

"Na wasipokuja, mama?"

"Nitakuja Jumanne nyingine. Mimi nina kazi gani?"

Mchana unapopungua, Mama Mchuzi amerudi kwenye sufuria yake. Hajui majina ya wanaume wale wala wanakofanya kazi. Amemwomba Kasuku asimpe mtu meza ya dirishani Jumanne, na amepanga kuwachemshia mifupa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, mchuzi uwe mzito.

"Sikuwahi kudhani ningewatamani watu kama wale," anasema. "Naomba tu Mungu wawe na njaa."