Siku Nilipomnyamazisha Baba

Nakumbuka asubuhi moja hapa hapa Luzira, Kampala, mwanangu, na kila nikiikumbuka chai hunipoa mkononi. Nilikuwa kijana mpiga kamera, nimejaa majivuno mpaka shingoni. Wageni fulani walikuwa wakizunguka dunia kutengeneza filamu isiyo na neno hata moja: barafu, majangwa, wachukuzi wa soko la Kikuubo na magunia yao, nyuso za watu. Wakaniajiri. Kupiga picha za nyuso kulikuwa na sharti lake. Mtu anasimama, anatazama kamera dakika tatu, hasemi kitu. Hata kinasa sauti hatukubeba.

Nikampendekeza baba yangu. Alikuwa askari mstaafu, mtu wa kaskazini, na uso wake kamera yoyote ingeupenda. Mama alifariki nikiwa shule ya bweni, na baba hakuwahi kunisimulia habari za siku ile. Nami sikuuliza, nyumbani kwetu mambo hayo hayakuulizwa.

Basi akasimama kando ya ziwa na koti lake la zamani. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Dakika ya pili ilipoanza macho yake yakalowa, akafungua kinywa.

"Mama yako, ile siku alikufa, aliacha maneno kwa wewe..."

Unajua nilifanya nini? Niliweka kidole mdomoni. "Mzee, nyamaza kidogo. Filamu hii haina maneno." Nikarudisha jicho kwenye kamera. Baba alikuwa mtu wa amri, akanyamaza.

Jioni nikamwuliza. Akajaribu, nakuapia alijaribu. "Asubuhi ilikuwa inatoka yenyewe," akasema. "Sasa imerudi ndani." Nikamwuliza tena Krismasi, na mwaka uliofuata nikamwuliza akiwa mgonjwa kitandani. Akanishika mkono tu. Tulimzika na maneno yake.

Filamu ikaonyeshwa nchi nyingi. Watu walimsifu mzee yule wa Kampala, eti ukimya wake unasema mengi. Mimi hutoka ukumbini kabla hajatokea, maana naujua mdomo ule ulikuwa unafunguka, na namjua aliyeufunga. Najuta, mwanangu. Umri huu wote bado najuta.

Umeniambia kesho unakwenda kumpiga picha bibi yako mzaa mama, nawe unataka filamu yako isiwe na maneno kama ile yetu. Sikukatazi. Ni kazi nzuri, nami niliipenda. Lakini bibi akianza kusema, iache kamera. Mwanga utarudi keshokutwa. Usimwambie asubiri, wala usijidanganye kwamba utamwuliza jioni. Kaa chini umsikilize mpaka amalize, hata akirudia yale yale, hata akikuchosha.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe jicho zuri la kazi, na siku mzee wako atakapofungua kinywa, akukute mikono mitupu, kamera umeiweka chini.