Siku Niliyomsingizia Marehemu Masunga

Jamani, kuna watu Kasoli mpaka leo wakiniona wanageuka pembeni wacheke vizuri, na wala siwalaumu, ningekuwa wao ningecheka zaidi. Ila kuna mama mmoja hachekagi. Huyo ndiye ananifanya nione aibu.

Nilikuwa fundi kompyuta wa kampuni ya pamba pale Bariadi, mojawapo ya zile zilizomiminika huku biashara ilipoachiwa huru na maghala ya ushirika yakabaki ya kupangisha. Ghala letu la Kasoli lilikuwa na kompyuta moja iliyobeba mfumo wa kuandikisha wakulima wa mbegu, ila ukitaka kuingia ilikupeleka kwanza Mwanza kwa mtandao, huko unaandika paswedi yako moja inayofungua kila kitu cha kampuni, ukishatambuliwa unarudishwa na kibali. Karani wake, Masunga, alikuwa amefariki mwezi uliotangulia (homa ya siku tatu tu, mtu mzima na nguvu zake), nikatumwa mimi nishike nafasi.

Siku ya kwanza sikufanya kitu ila kurekebisha saa. Mzee Shija, mtunza ghala, alilalamika kwamba karatasi ya mahudhurio inamchongea: yeye anafika saa mbili asubuhi, mashine inaandika nane, sasa bosi akisoma si atasema mzee anakuja kazini baada ya kula mchana? Nikaona ana hoja, na kwa kiherehere changu nikairudisha saa ya kompyuta nyuma kwa saa sita ili isome kama watu wanavyosoma, nikazima na ule ujanja wake wa kujirekebisha yenyewe. Mzee akanishukuru sana, nikarudi nyumbani najiona mtu wa watu.

Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha, mwisho saa kumi jioni. Wa kwanza kufika alikuwa Mayu Kabula (mayu ni mama kwa Kisukuma), mjane wa Masunga, akitaka shamba walilolima na mumewe liandikwe kwa jina lake. Asipoandikwa, mbegu hapati, na shamba linakwenda kwa shemeji yake, Ndaki, ambaye naye alikuwepo, ameegemea magunia na fimbo yake.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia, nikafungua mfumo.

Ukurasa ukawa mweupe. Ukaandika KARIBU TENA, MASUNGA. Ukawa mweupe. Ukaandika KARIBU TENA, MASUNGA. Naapa sikuwa nimegusa hata kitufe kimoja, mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani, na lile jina linakuja linapotea, linakuja linapotea, na mle ghalani mlikuwa na kiza (madirisha yake madogo, yako juu karibu na bati), kwa hiyo ule mwanga ulikuwa unampiga Mayu Kabula usoni, unazima, unampiga tena. Harufu ya dawa ya mbegu ilijaa mle ndani. Watu waliokuwa kwenye foleni wakaacha kuongea, mmoja mmoja, mpaka nikawa nasikia njiwa wanavyotembea juu ya bati.

Mayu Kabula anajua kusoma. Alisoma, akasema polepole, "Yupo."

Nikazima, nikawasha. Masunga. Nikazima tena, nikahesabu mpaka mia, nikawasha. Masunga. Mtaalamu mzima, cheti kimetundikwa sebuleni kwa mama, nilichojua siku hiyo ni kuzima na kuwasha, na jasho linanitiririka mgongoni.

"Inasemaje hiyo?" Ndaki akauliza.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Ningesema sijui, ingekwisha. Lakini macho arobaini yananitazama, nikaona haya, nikasema, kama utani vile, "Labda mwenyewe hajakubali kuondoka."

Hakuna aliyecheka. Ndaki akasimama wima. "Mmesikia? Kaka yangu hataki shamba lake liandikwe kwa mwanamke. Na aliyesema ni mtu wa kampuni, siyo mimi." Watu wakaguna kwa kukubali. Mayu Kabula akatoka nje, akakaa chini ukutani, akajifunika kanga kichwani. Nami badala ya kumfuata nikasema "jamani ni utani", nikabaki nabofyabofya.

Msaada wa Mwanza nikaupata saa nane mchana. Dada aliyepokea akasema nisubiri aangalie, nikaweka simu sauti kubwa, nikaiacha mezani katikati ya makaratasi. Mara Mzee Shija huyo na bakuli la maji yenye unga wa uwele. "Mwombe kwa heshima," akaninong'oneza. "Mkikaa mnabishana naye hatoki."

Mimi ni mlokole. Ni mwanakwaya, sauti ya pili. Nikavua viatu, nikapiga magoti mbele ya kompyuta, nikanyunyiza.

"Mzee Masunga, ni sisi watu wako. Tuachie mlango."

"Tuachie," watu wakaitikia nyuma yangu.

"Umechoka, baba. Pumzika."

"Pumzika."

Kisha sauti ya mwanamke ikatoka mle mle mezani: "Masunga ndiye nani?"

We! Ghala liliisha watu. Magunia yakaanguka, bakuli likanimwagikia, Ndaki mwenye fimbo alitangulia wote mlangoni, nami nikiwa peku nyuma yake, mpaka nikasikia: "Kaka wa Kasoli, bado upo? Hiyo kompyuta yako imeandika saa ngapi?"

Nikarudi. Nikachungulia. "Nane, dada."

"Nane? Ilitakiwa iandike mbili. Nani kaiweka hivyo?"

"Ni yeye, juzi!" Mzee Shija akajibu kutoka mlangoni. (Ilikuwa jana, lakini sikuwa na uso wa kumsahihisha.)

Dada akavuta pumzi. Mwanza inanipa kibali cha sasa hivi, akasema, mashine yangu inakiona ni cha saa sita zijazo, inakikataa, inanirudisha. Mwanza inasema huyu namtambua, inanipa kingine. Tungezunguka hivyo mpaka kiama. Na huyo Masunga hakuwahi kutoka kwenye mfumo, ndiyo maana anakaribishwa yeye.

Nikarekebisha saa. Mlango ukafunguka mara moja, kwa jina la Masunga, kwenye fomu ya mwisho aliyoiacha bila kuituma. Mkulima: Kabula. Shamba: lile lile. Kila kitu kimejazwa, kimebaki kitufe cha kutuma. Tarehe yake ilionyesha alikuwa ameijaza siku moja kabla homa haijamwangusha. Hapo ndipo nywele ziliponisimama, kuliko wakati wote wa yale maruweruwe.

Nikamwita Mayu Kabula. Akaja, akaweka kidole kwenye jina lake, akalisoma kwa sauti. Ndaki alisikia akiwa mlangoni, akaondoka bila kuaga. Nikaingia kwa jina langu, nikaituma fomu, saa kumi haijafika.

"Kwa hiyo hakuwa ananizuia," akasema.

"Hapana, mayu. Ni mimi."

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. "Nimekaa pale ukutani toka asubuhi," akasema, "namuuliza nilimkosea nini."

Siku hizi mashine ikinishinda nasema imenishinda, hata ghala zima likinikodolea macho. Marehemu wa watu siwasemei tena neno.