Kamati Inakuja Kesho

Kamati ya kata ilifika Nyakato kukagua vumbi la barabara inayojengwa. Kabla haijafika, boza la mkandarasi lilikuwa limeshamwaga maji, na hewa ilikuwa safi. Mwenyekiti alimwendea bibi anayeuza dagaa kando ya barabara, ambaye mjukuu wake anakohoa tangu ujenzi uanze.

"Shikamoo, mama. Wametuwahi. Safari ijayo tutakuja bila taarifa."

"Marahaba. Usithubutu, mwanangu!" Bibi alimshika mkono. "Toa taarifa kila siku. Wakisikia mnakuja ndipo wanamwaga maji."

Mwenyekiti alicheka, akatoa simu palepale. "Mkandarasi, kesho tunakuja tena."

Sasa anampigia kila jioni. Kamati haijarudi hata mara moja, mtoto amepunguza kukohoa, nami naomba Mungu mkandarasi asiwe msomaji wa safu hii.