Maksai wa Baba kwenye Albamu ya Krismasi

Albamu ya Krismasi ya dada yangu niliisikia mara ya kwanza kwenye simu ya jirani, hapa mtaani Kanamkemer, nikichambua maharagwe. Dada ni mwimbaji wa jazi Nairobi. Kwenye picha ya jalada amejaza shanga shingoni, zile ambazo alipokuwa hapa nyumbani hakutaka hata kuzigusa. Nilicheka. Halafu ukaanza wimbo mwingine, na kicheko kikaniishia.

Ulikuwa wimbo wa maksai wa baba.

Kwetu mwanamume humtungia wimbo maksai anayempenda, na wimbo huo ni wake. Wengine huitikia tu. Maksai wa baba alikufa kwenye ukame pamoja na ng'ombe wetu wote, tukahamia mjini, na cha maana tulichohama nacho ni ule wimbo. Kila Krismasi, baada ya ibada, majirani walijaa uani, baba akanyoosha mikono juu kama pembe, akaanza. Siku hiyo hakuwa mzee anayelishwa na binti yake. Alikuwa mtu mwenye ng'ombe.

Sasa dada alikuwa ameliondoa jina la maksai akaweka la Mtoto Yesu, na piano nyuma yake ikibembeleza. Hakuomba ruhusa. Hata simu hakupiga.

Baba nilipomsikilizisha hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliposikia kwamba dada anakuja Kakuma kuimba kwenye tamasha la shirika moja la misaada, alisema, "Atapita hapa." Nilimwambia ndege inatua huko huko Kakuma na itaondokea huko huko. Akafua shuka yake ya kutokea. Ikabidi nimpeleke.

Tulikaa nyuma kabisa, juani. Wimbo ulipofika, baba alisimama, akanyoosha mikono, akaita jina la maksai kwa sauti yake yote. Mlinzi akaja mbio.

"Mzee, kaa chini. Wanarekodi."

"Hii ng'ombe ni yangu," baba akasema.

"Ng'ombe gani, mzee? Kaa!"

Watu wakacheka. Dada alimwona. Najua alimwona, kwa sababu alifumba macho, akaendelea kuimba.

Baadaye alitukumbatia haraka haraka kando ya gari. "Baba, mngeniambia mnakuja, ningewawekea viti mbele," akasema, akaenda kuwahi ndege yake. Nilitamani kumrushia kiatu. Baba alimpungia mkono hadi vumbi la gari likatulia.

Krismasi iliyofuata majirani walikuja kama kawaida. Walikunywa chai ikaisha, wakakaa. Mwishowe mmoja akasema, "Mzee, si utuanzishie?"

Baba hakuinua mikono kutoka mapajani.

"Mwenye wimbo yuko Nairobi," akasema. "Ngojeni yeye."